Moyo wa Mlinzi wa Ndiva

Ukitaka kuniudhi hata leo na uzee huu, mpime mgonjwa mapigo ya moyo kwa robo dakika kisha uzidishe kwa nne. Wajukuu zangu wawili ni wauguzi, na wote wawili nimeshawakaripia kwa kosa hilo mbele ya wageni. Wanasema ni ukorofi wa wazee. Ukorofi upo, sikatai, lakini chanzo chake ni mtu mmoja aliyeitwa Eliufoo, ambaye nilimkosea mwaka 1971 na akaishi miaka minane baada ya hapo bila kuniinulia sauti.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Jina langu ni Gregori, mzaliwa wa Kifaru, kule chini kwenye joto, mtoto wa watu waliotoka Kigoma kuja kukata mkonge. Nilipomaliza mafunzo nikapewa barua ya kwenda kuwa mganga wa zahanati katika kijiji kimoja cha Ugweno, juu zaidi ya Ngujini. Kijiji sikitaji jina, waliokuwapo wanajijua. Nilipanda mlima na sanduku la bati, koti moja, na kichwa kilichovimba kwa cheti kipya. Nikakuta ukungu, migomba, kahawa, na watu wanaopalilia huku wakiimba nyimbo za Kilutheri kwa sauti nne kana kwamba shamba ni kanisa. Nilikuwa Mkatoliki peke yangu katika kilima kizima, na hawakuacha kunitania kwa hilo hata siku moja.

Zahanati waliijenga wenyewe kwa msaragambo. Huo ni utaratibu wa Wapare wa kuitana kwa pembe: kila nyumba inatoa mtu, wanachimba mfereji au wanajenga shule, na asiyetokea anajieleza mbele ya wote. Nilipofika chokaa ilikuwa bado inanuka, na mawe ya ngazi yalikuwa na alama za nyundo. Mungu wangu, tuliamini mambo siku zile. Tuliamini kwamba ukiwa na jembe, redio na mkutano wa kijiji, hakuna kitakachoshindikana.

Eliufoo alikuwa mlinzi wa ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo lililojengwa ubavuni mwa mlima. Maji ya mfereji yanalala humo usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Kazi ya kufungua ilikuwa ya ukoo wake tangu kwa babu yake. Kila alfajiri alipanda, akazibua kizibo, akasimama ukingoni akiangalia maji yanavyoshuka, na zamu za kaya zaidi ya arobaini alizijua bila karatasi. Alikuwa na miaka arobaini na mitano, mrefu, mkavu, mwenye mzaha wa polepole. Nilizoea kupanda pale kunawa uso. Nikimwamkia shikamoo huku meno yanagongana kwa baridi, alijibu marahaba kisha akaniuliza kama Kifaru watu wanazaliwa bila ngozi. Nikikumbuka asubuhi zile, ule mlio wa maji yanayoanza kutembea na moshi unaotoka kwenye mapaa, huwa najisikia vibaya kwamba sikujua nilivyokuwa na bahati.

Masika ya 1971 alikuja zahanati na mkewe, Kaanaeli. Siku hiyo ilikuwa ya sindano za watoto, kina mama wamejaa mpaka uani. Eliufoo akanieleza kwamba ile njia ya ndiva aliyoizoea sasa anapumzika mara nne, na moyo unamrukaruka kama kuku aliyefungwa miguu. Hakutaka kuacha ndiva. Alichotaka ni cheti kifupi cha kumwondoa kwenye uchimbaji wa mfereji mpya mpaka apate nafuu. Nilimshika mkono, macho yangu yakiwa kwenye foleni. Nikahesabu robo dakika: kumi na tisa. Mara nne, sabini na sita. Kaanaeli akasema mumewe siku hizi analala ameketi, akilala chali anakosa pumzi. Nilimsikia kama mtu anavyosikia mvua. Nikaandika kwenye karatasi: Mzima. Anaweza kazi.

Karatasi ile aliisoma mwenyekiti wa kijiji, Asheri, mbele ya watu wote kwenye msaragambo. Asheri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sauti kubwa aliyeipenda nchi yake, na maneno ya wakati ule yalikuwa mdomoni mwake muda wote: kupe, mnyonyaji, mvivu anayekula jasho la wenzake. Redioni maneno hayo waliyasema kwa mabepari. Kwetu mlimani hakukuwa na bepari hata mmoja, kwa hiyo yakamwangukia Eliufoo. Alipokonywa ndiva, akapewa mtu mwingine. Alichukua jembe bila kujibu, akachimba, akakaa chini, akachimba tena. Watu walimcheka, nami nilikuwapo, na sikutia neno kwa sababu karatasi ilikuwa na sahihi yangu.

Miezi miwili baadaye gari la kliniki lilipanda kutoka Same na muuguzi mmoja mzee aitwaye Jenoveva, mama mwenye macho makali na subira ndogo. Kabla hata hajateremsha masanduku yake alimwona Eliufoo kwenye njia, amesimama ameshika mti, miguu imevimba juu ya kandambili. Akamwita. Aliniambia niweke kifaa cha kusikilizia kifuani. Yeye akashika kifundo cha mkono, akavua saa yake na kuiweka mezani katikati yetu. Dakika nzima, alisema, wewe hesabu ya huko na mimi ya huku, na asiseme mtu mpaka mwisho.

Nilichosikia kifuani sijakisahau. Hakikuwa na mdundo. Pigo, mawili ya haraka, kimya, matatu yakikanyagana, moja zito, tena fujo. Dakika ilipokwisha nikasema mia moja thelathini na mbili. Yeye akasema themanini na moja.

Alieleza taratibu, akimtazama mgonjwa wala si mimi. Vyumba vya juu vya moyo vimeacha kupiga, vinatetemeka tu. Vile vya chini vinapokea amri za fujo, vinapiga ovyo na haraka, na pigo lingine linapigwa kabla damu haijaingia, kwa hiyo haliufikii mkono. Mapigo hamsini na moja kila dakika yalikuwa yanapotelea njiani. Akamwuliza kama utotoni aliwahi kuugua homa ya viungo, magoti kuvimba moja baada ya jingine. Kaanaeli, aliyekuwa amefika mbio, akajibu kwa niaba yake kwamba mama mkwe wake alimsimulia hivyo. Jenoveva akaitikia kwa kichwa: homa ile huharibu kilango cha ndani ya moyo, na madhara yake huja kuonekana mtu akiwa mtu mzima. Mbele ya mgonjwa hakunisema. Aliponivuta nyuma ya zahanati ndipo aliponisema mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

Gari lile lile lilimchukua Eliufoo. Hospitali kubwa ya Moshi walimfunga waya kifuani, mashine ikauandika moyo wake kwenye karatasi ndefu, na alivyorudi alituonyesha kwa kidole hewani jinsi ule mstari ulivyokwenda, kama njia ya mtu aliyelewa pombe ya dengelua. Alirudi na kopo la vidonge vidogo vyeupe, dijoksini, na vingine vya kupunguza maji mwilini. Alirudi pia na barua yangu kutoka kwa daktari. Ilisema: kidonge kimoja kila siku, kwa saa ile ile. Uhesabu kwanza, dakika nzima, kifuani; ikiwa chini ya sitini, usimpe. Ilisema damu inayozubaa kwenye vile vyumba vya juu inaweza kuganda na kukimbilia kichwani ikaleta kiharusi, na kwamba dawa ya kuzuia hilo inataka kupimwa damu mara kwa mara, jambo lisilowezekana huko nilipo. Kiharusi ndicho kilichokuja kumchukua, mwaka 1979, akiwa amekaa mlangoni kwake anachambua maharage. Lakini sentensi iliyonishangaza ilikuwa ya mwisho: ukiona moyo wa mtu huyu umekuwa wa polepole na wa mpangilio safi, usifurahi, dawa imezidi.

Sasa nitasema dhambi yangu ya pili, kubwa kuliko ile ya kwanza. Nilimwambia Asheri kwamba Moshi wamegundua ugonjwa mpya. Mpya! Ulikuwapo siku ile nilipoandika mzima. Asheri akamsamehe Eliufoo kuchimba, na watu wakaguna kwamba ajabu gani hii, mtu anaitwa kupe halafu ndipo anapata ugonjwa wa kufuatwa na gari. Jina likamganda. Sentensi moja kutoka kinywani mwangu ingelifuta, nami nilikuwa nayo kila siku, na kila siku nikaimeza.

Dawa ilimfaa. Baada ya mwezi miguu ilinywea, pumzi ikarudi, moyo ukawa unakimbia sabini na kitu, themanini, bado kwa fujo yake ile lakini fujo ya upole. Hakuwa na saa, kwa hiyo alikuja kila asubuhi kuhesabiwa. Tulikaa kwenye benchi, nikaweka kifaa kifuani pake, na kwa dakika moja hakuna aliyesema kitu. Chini yetu maji yaliyofunguliwa na mtu mwingine yalikuwa yanashuka. Nilikuja kuipenda dakika ile. Sikuwa na baba tena wakati huo, na nadhani nilimfanya baba bila kumwomba ruhusa. Alipozoea dawa nikampa ya mwezi mzima akae nayo nyumbani, awe anakuja mara moja kwa wiki, kilima kisimchoshe bure.

Mwaka uliofuata mvua ilibomoa ukuta wa ndiva. Pembe ikalia: msaragambo wa siku mbili, nyumba zote, na mawe yabebwe kutoka bondeni. Eliufoo alikuwa na ruhusa ya kubaki nyumbani. Mchana wa siku ya kwanza Kaanaeli alinijia mbio, nguo imelowa. Mumewe alitoroka akaenda ndiva, akabeba mawe kama wenzake mpaka saa tano, kisha akaanza kutapika. Na anasema kila kitu ni cha njano, hata ugali.

Nilimkuta amelazwa chini ya migomba. Nikaweka kifaa kifuani. Tok. Tok. Tok. Safi, sawasawa, polepole, thelathini na nane kwa dakika. Mtu mwingine angesema moyo umepona. Mimi ile sentensi ya mwisho ya barua ilinijia: dawa imezidi.

Tulimbeba mpaka zahanati. Nikamwuliza amekula vidonge vingapi. Hakuficha. Siku kumi na moja hakula hata kimoja, alivifunga kwenye pindo la kitambaa, na siku ya kuhesabiwa akasingizia mvua. Alfajiri ile akavinywa vyote kumi na kimoja kwa maji ya mfereji. Nilimwuliza akili yake ilikuwa wapi, nikiwa nimesahau heshima kabisa. Alinijibu kwa utulivu, kama anayemfundisha mtu wa pwani kilimo.

"Kijito kidogo kikitiririka mchana kutwa hakilifikii shamba la chini, kinanywewa njiani. Ukikilaza kwenye ndiva kisha ukafungua, kinafika. Nilitaka nguvu ya siku mbili, basi nikailaza."

Sikujua nicheke au nilie. Maisha yake yote maji yalimfundisha hivyo, na hayakuwahi kumdanganya. Na mimi niliyempa kopo nilimweleza saa na idadi, lakini sikumweleza kwa nini.

Barabara ilikuwa imekatika, gari la Same lisingefika. Dawa ya kuiondoa sumu ile sikuwa nayo. Nilikuwa na kitanda na saa. Nilimkataza kuinuka, nikahesabu kila saa, siku tatu. Thelathini na nane, thelathini na sita, arobaini. Mimi nilisali rozari, Kaanaeli akaimba nyimbo zake, tukakubaliana kwamba mmoja wetu lazima atasikiwa. Siku ya tatu asubuhi nikasikia pigo, mawili ya haraka, kimya, moja zito. Fujo ilikuwa imerudi. Sijawahi kufurahia fujo namna ile.

Alipoweza kunywa uji nilimkalisha, nikamweleza tena. Nilimwambia moyo wake si shamba la chini. Ni mche wa kitaluni: unataka kikombe kimoja kila siku, ukiufungulia ndiva nzima unang'oka. Akafikiri, akasema hapo nimeongea Kipare. Kisha nikamwuliza kilichompeleka kubeba mawe. Akasema wakwe zake wa kutoka Msangeni walikuwa waje, na hakutaka wamkute yuko nyumbani wakati kijiji kizima kiko kwenye ukuta wa babu yake, halafu waambiwe ndiye yule kupe.

Ndipo nikauliza lile lililokuwa linanisumbua.

"Siku ile mama Jenoveva alipohesabu, ulisikia?"

"Nilisikia. Mia na thelathini na mbili, themanini na moja. Nilijua hapo hapo kwamba ulikosea."

"Mbona hukusema?"

Alikoroga uji. "Kabla ya zahanati hii tulizika watoto wa kifaduro kila mwaka, mganga. Wawili walikuwa wangu. Nikisema mganga hajui kazi, nani atakuletea mtoto kuchomwa sindano? Mimi kuitwa kupe hakumuui mtoto wa mtu."

Nilitoka nje nikalia. Sioni aibu kulisema. Mtu ambaye nilimvunjia jina alikuwa amelitumia jina hilo hilo lililovunjika kunilinda mimi na benchi langu, mwaka mzima, na asubuhi baada ya asubuhi alikuja kunipa kifua chake nihesabu.

Msaragambo wa kumalizia ukuta nilikwenda. Nikapanda juu ya mawe, nikamwomba Asheri nafasi, nikasema yote: robo dakika, foleni, karatasi, na ule uongo wa ugonjwa mpya. Nilisema Eliufoo alikuwa mgonjwa siku ile ile aliyoomba cheti. Asheri aliniambia nirudie, nikarudia. Akakaa na wazee pembeni, wakarudi na uamuzi kwa desturi yao: jina limefutwa, ndiva inarudi kwa nyumba ya Eliufoo, ndugu yake awe anazibua na yeye awe anagawa zamu, na kipande cha mfereji cha Eliufoo nitakichimba mimi, juu ya kile changu, muda wote nitakaokuwa pale. Nilikichimba miaka minane na sikukiona kirefu.

Nilidhani Eliufoo atafurahi. Alikasirika. Kaanaeli aliniletea habari kwamba mumewe haongei, na alichosema ni kimoja tu, kwamba kijana yule ameibomoa zahanati kwa mdomo wake. Na kweli, Jumanne ya sindano benchi lilikuwa tupu. Nilipanga vifaa, nikachemsha sindano, nikakaa mpaka jioni. Jumanne iliyofuata tena, tupu. Kina mama walipita njiani na watoto mgongoni, wakaniamkia vizuri, wakaenda zao. Niliandika barua Same kuomba uhamisho, nikaiweka mfukoni.

Jumanne ya tatu nilimwona akipanda, peke yake, pole pole, akisimama kila baada ya hatua ishirini. Nilishuka kumpa mkono, akaukataa. Alikaa kwenye benchi upande wa njia, mahali ambapo kila anayekwenda sokoni lazima amwone, akafungua vifungo vya shati na kuniambia nihesabu kwa sauti. Nikahesabu kwa sauti, dakika nzima, watu wakipita. Nilipomaliza nilitegemea ataondoka. Hakuondoka. Alikaa pale jua likapanda, shati wazi, akijibu salamu za wapita njia kana kwamba ni mwenye nyumba.

Karibu na saa sita mama mmoja alisimama njiani na kitoto kinakohoa mgongoni. Akamtazama Eliufoo kwa muda mrefu. Kisha akaingia, akakaa kando yake. Nyuma yake mwingine akapinda kona, akiita wa tatu.

Nilimwona Eliufoo anahema, midomo imebadilika rangi kidogo kwa kile kilima na lile jua. Nikamshika bega, nikamwambia aingie kwanza alale, nimsikilize vizuri, hawa watasubiri.

"Anza na mtoto," alisema. "Mimi sina haraka."